Mbwa wa nyumba tupu

(Muziki wa kufungua. Unashuka polepole.)

Jambo mama, jambo papa, dada na kaka, na wewe mtoto uliyesimama kwenye foleni ya maji huku redio inalia kwa jirani. Hiki ni kipindi chetu, hapa Mantapala, wilaya ya Nchelenge. Na ninyi mnaosoma maandishi haya katika kundi la wasikilizaji kwa sababu betri zimekwisha, karibuni pia. Anayesoma asome polepole. Akifika kwenye maneno ya ofisini, ayarudie mara mbili.

Leo nataka tuzungumze juu ya mbwa. Najua kuna mzee atacheka. Atasema, tumekimbia bunduki, tumelala porini, na leo kijana huyu anatuletea habari za mbwa. Cheka, papa, lakini usizime redio. Bunduki unaisikia ikilia. Ugonjwa wa mbwa unaingia kwenye kidonda kidogo, unakaa kimya wiki nyingi, na siku unapojionyesha hakuna tena daktari wa kuurudisha.

Mnakumbuka jinsi tulivyofika. Mwaka 2017 wengi wetu tulitoka Pweto, Moba, Manono na vijiji vya katikati, tukapokelewa kwanza Kenani. Januari 2018 makazi haya ya Mantapala yakafunguliwa, watu wakapewa viwanja, wakaanza kulima. Mimi sikumwona mtu aliyevuka mpaka akiwa amebeba mbwa. Mbwa walikuja baadaye. Mtu analima mihogo, wanyama wa porini wanaila, basi anaomba kimbwa katika kijiji cha jirani ili kilinde shamba. Kimbwa kinakua, kinazaa, na watoto wake wanagawanywa. Ndiyo maana leo hata asiye na kuku ana mbwa.

Kisha Desemba 2021 safari za kurudi kwa hiari zikaanza, kuelekea Pweto. Katika bloku yetu familia moja iliandikwa ikaondoka. Asubuhi ile tuliimba, tulilia, tukafunga mizigo pamoja. Gari likaondoka. Mbwa hakupanda gari.

Alikuwa mbwa wa rangi ya udongo, sikio la kushoto limekatika ncha. Wiki za kwanza alilala mlangoni pa nyumba ile tupu na kila gari likipita alisimama. Watoto walimwita mbwa wa nyumba tupu. Mama mmoja alimtupia makombo ya bukari. Baadaye njaa ilizidi, naye akaacha kungoja. Akajiunga na mbwa wengine wanaozunguka kwenye jalala, na jioni wote wanne walishuka mpaka penye bomba la maji. Walimbweka mtu, wakamfuata nyuma, wakarudi. Mnajua ilivyo: kila mtu analalamika kwa jirani yake, na hakuna anayelalamika mahali panapohusika. Hata mimi mwenye kipaza sauti nilinyamaza. Nilifanya mzaha tu hewani, mara moja, nikapiga wimbo.

Jioni moja yule mbwa alimng'ata mtoto wa miaka minane, kwenye ndama ya mguu. Mtoto alikuwa na bidoni mkononi, alikimbia, akaanguka.

Sasa sikilizeni tulivyofanya, kwa sababu tulikosea karibu kila kitu. Vijana tulichukua mawe. Mimi nilikuwa mmoja wao, sitaficha. Tulimfukuza mbwa mpaka gizani, hata tusijue alikokimbilia. Wengine walirudi kuchukua mapanga. Nyuma yetu mtoto alikuwa amekaa chini analia, na bibi mmoja, kwa nia njema kabisa, alikuwa anasaga pilipili amtie kwenye kidonda. Mtu mwingine alisema yakatwe manyoya ya mbwa, yachomwe, majivu yake yafungwe pale. Mama wa mtoto alikuwa anauliza kila mtu afanye nini na kila mtu alikuwa na jibu lake.

Aliyetuokoa ni dada mmoja mhudumu wa afya wa kujitolea. Alifika mbio, akamzuia bibi kwa heshima, akasema, "Bibi, pilipili weka kwenye mboga. Nipeni sabuni na maji." Alimkalisha mtoto juu ya bidoni, akaosha kidonda kwa sabuni ya kufulia, maji yakimwagika polepole juu yake bila kusimama. Tulidhani dakika mbili zinatosha. Akakataa. Dakika kumi na tano, alisema. Saa hakuna aliyekuwa nayo. Basi leo nawapa kipimo cha mtangazaji: nyimbo mbili za rumba ya kwetu, zile ndefu, kuanzia mwanzo mpaka sebene iishe. Osha mpaka ziishe zote mbili. Usifunge kidonda kwa kukaza, usitie majivu, mafuta, dawa ya betri wala udongo. Sabuni na maji vinapunguza virusi pale mlangoni kabla havijaingia ndani.

Ugonjwa wenyewe tunauita kichaa cha mbwa. Ni virusi vinavyokaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Vinaingia kwa meno, kwa kucha, hata kwa ulimi akilamba mahali ulipochubuka. Kisha vinatembea polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Kwa kawaida safari hiyo inachukua mwezi mmoja mpaka mitatu, mara nyingine siku chache tu, mara chache sana hata mwaka. Muda huo wote mtu anakula, analima, anacheza mpira. Mnaona mtego? Kidonda kimekauka, mtoto anaruka kamba, na mzazi anasema aliyetaka kutupeleka hospitali alitusumbua bure. Lakini dalili zikianza, mtu anaogopa maji, koo linabana, akili inavurugika, na karibu wote hufariki. Shirika la Afya Duniani hukadiria watu 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kati ya watu wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne katika kumi ni watoto chini ya miaka 15. Watoto ndio wanaochota maji, ndio wanaocheza na mbwa, na mara nyingi hawasemi, wakiogopa kupigwa. Mama, papa, mtoto akija kukuambia amelambwa au amekwaruzwa, usimpige. Siku ukimpiga, mara ya pili atanyamaza.

Na kinga ipo. Mwaka 1885 kule Ufaransa, Louis Pasteur alimtibu kwa chanjo mtoto wa miaka tisa aliyeng'atwa vibaya na mbwa, Joseph Meister, na mtoto akaishi. Chanjo za leo ni salama kuliko ile, na hazichomwi tena tumboni kama wazee wanavyowatisha watu. Zinachomwa begani, mara kadhaa, kwa siku zilizopangwa. Sindano ya kwanza peke yake haitoshi. Ukiambiwa rudi siku ya tatu, rudi siku ya tatu. Ukiambiwa ya saba, ni ya saba, hata kama siku hiyo kuna mgao wa chakula. Kwa kidonda kirefu, au cha kichwani na usoni, daktari anaweza kuongeza dawa nyingine pale penye kidonda chenyewe.

Usiku ule ule tulimpeleka mtoto kituo cha afya. Nesi alituuliza kama mbwa yuko hai. Tukatazamana. Vijana tuliojiona mashujaa wa mawe, hatukuwa na jibu. Alitueleza kwa nini aliuliza: mbwa aliyeng'ata, akifungwa mahali salama na kuangaliwa siku kumi, akaendelea kula na kuwa mzima siku zote kumi, basi siku alipong'ata hakuwa na virusi kwenye mate yake. Ukimuua ukamtupa mtoni, umetupa jibu. Ukimfukuza akapotea, ni vile vile. Lakini nesi alisema pia neno ambalo naomba mlishike: mtoto hangoji zile siku kumi. Chanjo inaanza kwanza, mbwa anaangaliwa huku mtoto anaendelea na sindano, na kama kuna kusimamisha, anayesimamisha ni mtu wa afya, si baba wala jirani. Kama kituo hakina chanjo siku hiyo, omba karatasi ya rufaa kwenda hospitali kubwa, kama ile ya Mtakatifu Paulo huko Kashikishi, na ukiwa na karatasi hiyo mkononi omba pasi ya kutoka kambini siku hiyo hiyo. Usiseme utaenda wiki ijayo ukipata nauli. Mwambie kiongozi wa bloku na wahudumu wa afya kwamba nauli huna. Kusema huna si aibu hapa, sote tunajua tulivyofika.

(Muziki mfupi.)

Sasa mbwa mwenyewe. Hapa ndipo wengi tunakwama, na ndiyo sababu hasa ya kipindi cha leo.

Asubuhi yake nilienda kutafuta msaada. Ofisi ya kwanza iliniambia mbwa si kazi yao. Ya pili iliniambia, "Mlete hapa." Nimlete vipi, nimshike mkono? Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikisema wakubwa hawatujali sisi wakimbizi. Jioni mzee mmoja wa bloku yetu, fundi cherehani, akaniuliza, "Mwanangu, uliwaambia nini?" Nikasema niliwaambia kuna mbwa mbaya anatusumbua. Akacheka mpaka miwani ikashuka puani. "Mbwa mbaya! Kila bloku ina mbwa mbaya. Wewe ungekuwa ofisa, ungeinuka kitini?"

Mzee alikuwa na haki. Tuliandika karatasi pamoja, yeye akisema, mimi nikiandika, kwenye daftari langu la shule. Nitaisoma kama ilivyokuwa, bila namba ya bloku wala majina:

"Bwana ofisa wa mifugo. Sisi wakaaji wa bloku hii tunaleta taarifa. Jana saa kumi na mbili jioni, penye bomba la maji, mbwa dume wa rangi ya udongo, sikio la kushoto limekatika, amemng'ata mtoto mvulana wa miaka minane mguuni. Mtoto hakumchokoza. Mtoto amepelekwa kituo cha afya. Mwenye mbwa alirudi Congo, mbwa hana mtu. Hatujui kama alichanjwa. Anatembea na wengine watatu, mmoja mweusi, wawili wenye mabaka. Mchana hulala nyuma ya jalala, jioni hushuka bombani. Hakutoka mate mengi na alikuwa anatembea sawa. Tunaomba aje mtu amwangalie, na atuambie tumfunge namna gani bila mtu mwingine kung'atwa. Sahihi, kiongozi wa bloku, na mashahidi wawili."

Arudie anayesoma.

Mnaona tofauti? Mahali papo, saa ipo, mnyama anajulikana, kitendo kimeelezwa, mwenye mbwa ametajwa hata kama hayupo, na ofisa anajua atamkuta wapi na saa ngapi. Hakuna tusi. Hakuna "hamtujali". Na hakuna uongo: mzee alinizuia kuandika kwamba mbwa ameng'ata watoto watano, ingawa nilitaka, ili waje haraka. Alisema, wakija wakaona ni mmoja, mara nyingine hawatakuja.

Tulipeleka karatasi kwa mlolongo: kiongozi wa bloku kwanza, kisha ofisi ya serikali inayosimamia wakimbizi hapa kambini, na nakala kituo cha afya, kwa sababu kung'atwa na mbwa ni habari ya afya pia. Watu wa mifugo nchini hapa wako chini ya Wizara ya Uvuvi na Mifugo, idara ya tiba ya wanyama. Ofisi yao ya wilaya iko bomani Nchelenge, na wana wasaidizi wanaozunguka vijijini, wale wale wanaokuja kwa ng'ombe, mbuzi na kuku. Halmashauri ya wilaya nayo ina sehemu yake. Zambia ina sheria ya kudhibiti mbwa, Sura ya 247 ya sheria za nchi, inayogusa mbwa wanaozurura na kinga ya kichaa cha mbwa. Sheria hiyo haibagui mbwa wa mwenyeji na mbwa wa mkimbizi. Kwa hiyo ukienda pale huombi upendeleo, unapeleka taarifa ambayo wenyewe wanaihitaji, maana virusi vikianza kambini havitasimama getini, vitaenda mpaka kwa majirani zetu Wabemba na Walunda na mpaka ufukweni kwa wanaoanika chisense.

Na lugha isikutishe. Wabemba wanasema imbwa, na kwetu Congo wengi tunasema imbwa vile vile. "Imbwa yasuma umwana", mbwa amemng'ata mtoto. Maneno matatu tu, hata bibi anaweza kuyashika. Ukifika, piga goti kidogo au piga makofi polepole kama wanavyosalimia hapa, kisha sema hayo matatu, kisha toa karatasi.

Siku ya pili alikuja msaidizi wa mifugo kwa pikipiki. Hakuja na bunduki kama vijana walivyotarajia. Alikuja na kamba, akauliza nani aliyekuwa anamlisha mbwa. Yule mama wa makombo akajitokeza akiona haya, kama aliyeshikwa na kosa. Msaidizi alisema huyo ndiye anayetufaa. Mama aliita, mbwa akaja mwenyewe mpaka kwenye sahani, na msaidizi akampitishia kamba shingoni. Basi. Sisi vijana kumi na mawe tulishindwa, sahani ya bukari ikaweza. Lakini nisieleweke vibaya: usijaribu wewe. Alikuwepo mtu wa kazi hiyo, na mbwa hakuwa na dalili za ugonjwa. Mbwa anayetoka mate, anayeng'ata hewa au mti, aliyebadilika sauti, anayeyumba, taya limeanguka, au mbwa mkali aliyepoa ghafla na kujificha gizani, huyo usimkaribie hata kama ulimlea. Ingiza watoto ndani, weka mtu wa kumwangalia kwa mbali, tuma taarifa. Na kama mbwa ameshauawa, usimguse kwa mikono mitupu, usiponde kichwa, usimtupe kabla ya kuuliza. Ugonjwa hupimwa kwenye ubongo. Taifa lina maabara ya mifugo Balmoral, karibu na Lusaka, lakini wenye kazi hiyo ndio wanaojua kuchukua kipimo, si sisi na mapanga yetu.

Na sumu, tafadhali. Nimesikia watu wakisema watatega nyama yenye sumu. Nyama hiyo haijui nani ni mbwa na nani ni mtoto anayetambaa. Kuku ataidonoa, wewe utamla kuku.

Tena kuua mbwa wote hakumalizi ugonjwa, hata wenye elimu wameliona hilo. Ukiua hawa wanne, jalala bado lipo, watakuja wanne wengine ambao hakuna anayewajua. Kinachomaliza ni chanjo ya mbwa wenyewe. Wataalamu wanasema mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, virusi vinakosa njia. Kule Tanzania kisiwa cha Pemba kilifanya hivyo, mwaka 2014 ugonjwa ukatoweka. Kisha chanjo zikalegea, na 2016 ukarudi, umeletwa na mbwa kutoka nje ya kisiwa. Wakaanza upya, nyumba kwa nyumba, na 2018 wakaumaliza tena. Kisiwa kina bahari pande zote na bado ugonjwa ulivuka. Sisi tuna barabara. Kwa hiyo ukisikia tangazo la chanjo ya mbwa, hasa karibu na Septemba 28 ambayo ni siku ya dunia ya ugonjwa huu, mlete mbwa wako na kamba, na utunze kile kikaratasi pamoja na karatasi zako za ukimbizi. Kama huna mbwa lakini unamlisha wa mtu, mlete huyo huyo.

Na ninyi mnaojiandaa kurudi nyumbani, wala siwazuii, Mungu awatangulie: wiki moja kabla ya gari, mbwa wako mkabidhi mtu kwa jina lake, mbele ya kiongozi wa bloku. Usimwache mlangoni.

Mtoto wetu alimaliza sindano zake zote. Mbwa alifungwa kwa mzee fundi cherehani, chini ya mti, kamba fupi, watoto marufuku kusogea. Kila asubuhi mzee aliandika kwenye daftari langu: siku ya kwanza amekula, siku ya pili amekula. Siku ya tano aliandika "amekula na ameniibia kiatu". Siku ya kumi msaidizi wa mifugo alirudi, akamkagua, akasema ni mzima, na baadaye walipokuja wa chanjo akachomwa pamoja na wale watatu wa jalalani ambao sasa nao wana wenyewe.

Daftari limebaki kwa mzee. Mwenye shida ya mbwa na hajui kuandika aende kwake alasiri, atamwandikia bure, mradi asiseme "mbwa mbaya". Maswali yenu mpeni kiongozi wa kundi la wasikilizaji, nitayajibu kipindi kijacho. Kwaherini.

(Muziki wa kufunga.)